Chupa Mbili na Herufi Moja

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kamusi aliosha vyombo huku akitaja herufi. Sufuria aliisugua kwa "necessary", vikombe kwa "beautiful" na "government", na alipofika kwenye sahani ya mwisho alikuwa amemaliza maneno yote ishirini ya wiki ile. Aliyataja herufi moja moja, kwa sauti ya kuimba, bila kukwama hata mahali pamoja. Karatasi ya maneno ilibandikwa ukutani juu ya beseni, na pembe zake zilikuwa zimekunjamana kwa kurukiwa na maji ya sabuni.

Kamusi halikuwa jina lake la daftari la shule. Alilipata akiwa darasa la tano, siku aliposhinda imla ya Kiingereza ya shule nzima na kuwaangusha hata wakubwa wa darasa la saba. Jina likamganda. Mama yake, fundi wa nguo, alilipenda kuliko mtu yeyote. Akiwa anampima mteja, futi shingoni na pini mdomoni, hakuacha kusema, "Huyu wangu ni kamusi inayotembea. Mtajie neno lolote uone." Mteja alitaja neno, Kamusi akaliandika kwa chaki ya kukatia nguo, na mteja akatikisa kichwa kwa mshangao. Hakuna aliyewahi kumuuliza neno lile maana yake nini.

Hata darasani hakuna aliyeuliza, isipokuwa msichana mmoja tu waliyekaa naye dawati moja. Huyo alipachikwa jina la Swali. Kila neno jipya lilipoandikwa ubaoni, mkono wake ulikuwa juu. "Mwalimu, linamaanisha nini? Mwalimu, limetoka wapi?" Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu wa Kiingereza alitazama saa yake na kusema muda hautoshi, mtihani uko mlangoni, kwanza wajue kuyaandika. Kamusi naye alicheka pamoja na wenzake. Lakini kati ya maneno ishirini ya kila wiki, alijua maana ya saba, yakizidi manane. Yaliyobaki yalikuwa kwake kama nyumba za watu asiowajua: alijua idadi ya madirisha, hakujua nani anaishi ndani.

Mwaka ule alikuwa darasa la saba, na nyumbani kwao walikuwa wanne. Alikuwepo Mama. Alikuwepo mdogo wake wa miaka mitano, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzimia. Na alikuwepo Bibi, mama yake Mama, aliyehamia kwao macho yake yalipoanza kufungwa na mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe unaotanda kwenye mboni za wazee. Zamani Bibi ndiye aliyekuwa akimshonea Mama matundu ya vifungo kwa mkono. Kwa miaka miwili sasa mikono hiyo ilikaa mapajani bila kazi.

Hatimaye Bibi alipasuliwa jicho la kulia katika hospitali kubwa. Siku bandeji ilipofunguliwa aliingia nyumbani akiwa amefungua kinywa. "Kumbe ukuta huu ni wa kijani! Mbona miaka yote mnaniambia ni wa bluu?" Wakacheka mpaka Mama akalia. Jicho la kushoto lilipangiwa kupasuliwa baadaye, la kulia likishapona vizuri. Kilichobaki ni dawa ya matone, tone moja mara nne kwa siku, bila kukosa.

Wiki tatu baadaye, asubuhi ya Jumamosi, chupa ya hospitali iliisha. Redio naye alikuwa ameamka akilia, sikio lake linatoa usaha. Mama akakimbia kwenye duka la dawa la mtaani na kurudi na maboksi mawili madogo. Mwenye duka, mfamasia ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Dawa, alikuwa ameandika juu ya kila boksi kwa kalamu nyekundu. Lakini Mama alipoyaweka mezani na kwenda kumalizia kushona, Redio alisahau maumivu ya sikio. Alizitoa chupa, akayaunganisha maboksi kwa uzi, akapata gari na tela lake. Kufikia saa sita gari lilikuwa limekwishapita kwenye dimbwi la bombani na kuwa uji wa karatasi.

"Kamusi!" Mama aliita akiwa mlangoni, amebeba rundo la sare kichwani. "Napeleka sare hizi, nitachelewa. Saa nane mtie Bibi dawa yake, tone moja. Ya Redio nitamtia mwenyewe nikirudi."

"Sawa, Mama."

Saa nane ilipofika, Kamusi alisimama mezani na chupa mbili mkononi. Zilifanana kama mapacha: nyeupe, fupi, zenye mdomo mwembamba. Maandishi yalikuwa madogo, tena ya Kiingereza matupu. Kwenye chupa ya kwanza neno kubwa lilikuwa "ophthalmic". Kwenye ya pili lilikuwa "otic".

Alilitazama lile refu. Hakuwahi kuliona popote. Hata katika wakati ule, mazoea yalimshinda. Alilitaja herufi zake mara mbili na kufurahi jinsi lilivyokuwa gumu. Kisha akalitazama lile fupi, na moyo ukatulia kidogo. Karibu na kituo cha mabasi palikuwa na duka la miwani lenye kibao kikubwa kilichoandikwa "Optical". Otic, optical. Bila shaka hawa ni ndugu, alijisemea. Hii ndiyo ya macho.

Angeweza kwenda kuuliza. Duka la dawa lilikuwa milango mitano tu kutoka kwao. Lakini Kamusi aende kuuliza neno la herufi nne? Watu wangesema nini?

Bibi alikuwa amekwishainamisha kichwa nyuma kitini. "Umeisoma vizuri, mjukuu wangu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Inasemaje?"

"Inasema dawa ya macho."

Tone likadondoka. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja hakukutokea kitu. Kisha Bibi akapiga ukelele ambao Kamusi hakuwahi kuusikia kutoka kwa mtu mzima. Aliruka kutoka kitini, akajigonga kwenye cherehani, viganja vyote viwili vimefunika jicho. "Moto! Umenitia moto! Maji, mjukuu wangu, niletee maji!"

Kamusi alileta maji. Alimwagia kwa haraka, mengi yakaishia kifuani kwa Bibi. Redio alisimama mlangoni, kimya kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Mama aliporudi alikuta jicho limevimba na kuwa jekundu kama nyanya iliyopondeka. "Ulimtia nini?"

"Dawa ya macho," Kamusi akajibu, na akaonyesha chupa yenye neno fupi.

Mama aliinyakua, akainusa, akakunja uso. "Hii imeoza! Yule mwanamke ametuuzia dawa iliyooza!" Na kabla mtu hajasema neno, alitoka uani akaitupa chooni, watoto wasije wakaigusa. Kisha akamfunga Bibi kitambaa usoni na kumpeleka hospitali.

Bibi hakurudi. Alilazwa.

Jumapili, Mama alisimama mbele ya duka la dawa akasema yote yaliyokuwa moyoni mwake, kwa sauti ya kusikika hadi barabara ya pili. Watu walijaa. Mama Dawa alitoka nje taratibu, mwanamke mwembamba mwenye miwani, akasema, "Dada, niletee hiyo chupa niione." Mama akajibu kwamba chupa ameitupa, aibu ya dawa mbovu hatembei nayo mkononi. "Nilikuandikia juu ya maboksi kwa mkono wangu," Mama Dawa akasema. "Maboksi!" Mama akapaza sauti. "Mama yangu anapofuka, wewe unaniletea habari za maboksi!"

Kamusi alikuwa nyuma ya watu. Alikuwa bado anaamini dawa ndiyo mbovu. Lakini maneno ya Mama Dawa juu ya maboksi hayakumtoka, na usiku ule hakula.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, alimwomba Swali kamusi yake ya Kiingereza na Kiswahili, kitabu kizee kisicho na jalada. Alifungua herufi O, mgongo wake ukiwa umewageukia wenzake. Kidole kilishuka, kikasimama. Otic: -a sikio, inayohusu sikio.

Alisoma tena. Akasoma mara ya tatu, labda maneno yangebadilika. Hayakubadilika.

"Umepata ulichotafuta?" Swali akauliza.

"Hapana," alisema Kamusi, akafunga kitabu. Kelele za uwanjani zilimfikia kama zinatoka chini ya maji. Hakusikia kipindi chochote siku ile. Mwalimu alipomwita ubaoni aandike neno, aliandika, tena bila kosa, na darasa likampigia makofi. Makofi yale yalimchoma.

Jioni walikwenda wodini. Bibi alikuwa kitanda cha mwisho karibu na dirisha, jicho la kulia limefungwa bandeji nene. La kushoto lilikuwa wazi, lakini lile lilikuwa bado na ukungu wake, kwa hiyo alikuwa haoni kitu. Aliposikia sauti zao alinyoosha mkono hewani, ukapapasa, ukapata bega la Kamusi, kisha shavu lake.

"Nimerudi gizani," akasema polepole. "Wiki tatu tu nilizopewa. Bora nisingeuona huo ukuta wa kijani."

Mama aligeuka dirishani akajifanya anatazama nje.

"Mtoto huyu msimlaumu," Bibi akaendelea, kiganja chake bado kimetulia shavuni kwa Kamusi. "Yeye alisoma vizuri. Dawa ndiyo ilikuwa mbovu."

Kamusi aliuondoa mkono ule taratibu, akainama kumrekebishia shuka.

Siku zile zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote alizowahi kuziishi. Nyumbani cherehani ilinyamaza, maana Mama alishinda hospitali. Redio aliuliza kila saa, "Bibi anarudi leo?" na hakuna aliyemjibu. Kwenye rafu, ile chupa yenye neno refu ilikaa peke yake. Mama hakuigusa, alisema dawa za duka lile hazitaingia tena kwenye mwili wa mtu wake, akawa anamsafisha Redio sikio kwa pamba. Kamusi alijua kwamba chupa ile ndiyo ingekuwa ya Bibi. Kila alipopita mbele ya rafu aliinamisha macho.

Njia ya shule ilipita mbele ya duka la dawa. Zamani asubuhi palikuwa na foleni. Sasa palikuwa na kiti kimoja nje na paka amelala juu yake. Mama Dawa alionekana ndani akifuta kioo cha kaunta kilichokuwa safi tayari. Siku ya Jumatano Kamusi alimkuta nje, ndoo miguuni, akisugua mlango. Mtu alikuwa ameandika pale kwa mkaa, kwa herufi kubwa: SUMU. Herufi mbili za kwanza zilikuwa zimefutika, mbili za mwisho bado.

"Shikamoo," Kamusi alinong'ona.

"Marahaba, mwanangu. Bibi anaendeleaje?"

Alikimbia, mkoba ukimpigapiga mgongoni, mpaka akafika nyuma ya vyoo vya shule. Hapo alijikunyata akalia mpaka kengele ikalia. Aliwaza kutorudi nyumbani. Aliwaza kwamba kama angekuwa hajazaliwa, Bibi angekuwa anaona. Akisema ukweli, Mama hatamtazama tena. Asiposema, Bibi atamsifu mpaka siku ya kufa, na kila sifa itakuwa msumari. Kila alikogeuka palikuwa na ukuta.

Alhamisi jioni, daktari wa macho aliwaita kwenye ukumbi mwembamba nje ya wodi. Alikuwa kijana, macho yamemwiva kwa uchovu.

"Mama, sitakuficha," alimwambia mama yake Kamusi. "Jicho halipati nafuu. Tumelisafisha, tumetoa dawa ya vijidudu, maana ulituambia ni dawa iliyoharibika. Lakini linaungua ndani, na sielewi kwa nini. Ningejua ni kitu gani hasa kiliingia, ningejua pa kuanzia. Sasa ninapapasa. Tukifika Jumamosi hivi, jicho hili tutalikosa."

Mama alishika ukuta. "Nimeitupa, daktari. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

Muuguzi alipita na toroli lenye gurudumu linalolia. Kamusi alisikia sauti yake mwenyewe kabla hajaamua kusema.

"Ilikuwa dawa ya sikio."

Wote wawili wakamgeukia.

"Haikuoza. Ilikuwa ya Redio. Sikujua neno lile, nikakisia. Bibi aliniuliza inasemaje, nikamdanganya." Machozi yalikuwa yanashuka lakini hakuyafuta. "Nimejua tangu Jumatatu, Mama. Nimejua na nikanyamaza."

Mama hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale sakafuni, kama mtu aliyekatwa miguu. Hilo lilimuumiza Kamusi kuliko kofi.

Daktari alichuchumaa mbele yake. "Sikiliza. Dawa za sikio ziko nyingi. Unakumbuka lingine lolote lililoandikwa? Lolote."

Kamusi alifumba macho. Aliiona chupa. Maneno aliyoyasoma hata mara moja hayakumtoka. Hicho ndicho kitu pekee alichojaliwa. "Chini ya neno kubwa kulikuwa na maneno mawili madogo," akasema. "La kwanza: a, c, e, t, i, c. La pili: a, c, i, d."

Daktari aliyaandika kiganjani. Alipomaliza alisimama haraka. "Ni asidi. Kwenye sikio haina neno, kwenye jicho lililotoka kupasuliwa ni moto." Na alikuwa amekwishaanza kukimbia kuelekea wodini akimwita muuguzi.

Waliruhusiwa kungoja kwenye benchi. Mama alikaa upande mmoja, Kamusi upande mwingine, na katikati yao palitosha watu watatu. Njiani kurudi hawakusemezana, wala siku iliyofuata. Daktari alikuwa amesema kwamba sasa anajua anachopigana nacho, ila siku tano zimepotea na hawezi kuahidi chochote. Siku tano. Kamusi alizihesabu vidoleni. Nne kati ya hizo zilikuwa zake.

Jumapili, saa ile ile ya wiki iliyopita, Mama alimshika mkono wakaenda mbele ya duka la dawa. Mama hakuingia ndani. Alisimama pale pale alipokuwa amesimama, akapaza sauti ile ile, watu wakaanza kutoka majumbani.

"Jumapili iliyopita nilimtukana mwanamke huyu hapa, mkanisikia wote. Nilikosea. Dawa yake ilikuwa nzuri. Kosa lilitoka nyumbani kwangu." Sauti ilikatika. "Dada, nisamehe."

Kamusi alijua zamu yake imefika. "Ni mimi," alisema. Alitaka kusema zaidi, lakini hayo mawili ndiyo yaliyotoka.

Mama Dawa aliwatazama. Hakutabasamu. "Nilikuwa nimeanza kufungasha," akasema. Kisha akausukuma mlango. "Ingieni. Jua kali."

Ndani palinukia sabuni na karatasi mpya. Aliwapa maji, kisha akaweka chupa mbili juu ya kaunta, za aina ile ile. "Kwa nini ulidhani hii ni ya jicho?" Kamusi akamweleza juu ya kibao cha duka la miwani, huku akingoja kuchekwa. Mama Dawa hakucheka.

"Hukukisia kijinga," akasema. "Ulitafuta ndugu wa neno. Kosa lako ni kwamba hukuuliza kama kweli ni ndugu. Hebu nitajie maneno yanayotoka kwenye 'soma'."

"Somo. Masomo. Msomi, msomaji... someshwa. Usomaji."

"Nani alikukaririsha?"

"Hakuna."

"Umeyajuaje?"

Kamusi alifikiri. "Yote yana 'som' ndani yake."

"Basi Kiingereza nacho kina mizizi, ila mingi imetoka mbali. Wagiriki wa kale waliliita jicho 'ophthalmos'. Ndiyo hili neno refu. Sikio, wakiliunganisha na maneno mengine, lilikuwa 'oto'. Ndiyo hili fupi. Na kile kibao chako kinatoka kwenye neno lao lingine, la kuona. Ukiondoa '-al' ya mwisho, ulipitwa na herufi moja, p."

"Herufi moja tu?"

"Moja. Lakini ni umbali wa kutoka jichoni hadi sikioni."

Mama alikuwa anasikiliza, bilauri mkononi, maji hajayanywa.

"Darubini ni nini?" Mama Dawa akauliza tena.

"Chombo cha kutazamia vitu vya mbali."

"Kwa Kiajemi 'dur' ni mbali, na 'bin' ni mwenye kuona. Waingereza wanaita 'telescope'. 'Tele' ni mbali, 'scope' ni kutazama. Lugha mbili, wazo lile lile. Neno si herufi zilizopangwa foleni, mwanangu. Ndani yake kuna watu waliotaka kusema kitu."

Kamusi alitoka pale na karatasi yenye mizizi sita. Hakuwa na furaha. Hakuona kama ana haki ya kuwa nayo. Lakini mbele yake palikuwa na kitu cha kushika. Jumatatu alimwambia Swali ukweli wote, na Swali, badala ya kumcheka kama yeye alivyokuwa akimcheka, aliuliza, "Na 'scope' inaingia kwenye maneno gani mengine?" Wakaanza daftari jipya. Hawakuandika maneno ishirini ishirini. Kila ukurasa ulikuwa wa mzizi mmoja na watoto wake. Likiwapo neno wasilolijua, waliacha nafasi wazi, na kesho yake walikwenda pamoja kumsumbua mwalimu mpaka naye akaanza kuja na kamusi kubwa darasani.

Bibi aliendelea kufungwa bandeji. Kila jioni Kamusi alikaa kando ya kitanda, na kila jioni jibu lilikuwa moja: tungoje. Bibi alikuwa ameambiwa kila kitu. Hakumgombeza. Hakumshika shavu pia.

Wiki hiyo Mama alimpeleka Redio kwa daktari wa masikio katika hospitali ile ile, Kamusi akafuatana nao. Mezani palikuwa na kijisanduku cheusi kilichoandikwa "otoscope". Redio alirudi nyuma. "Hiyo ni sindano?"

"Imeandikwa nini?" Mama akauliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Kamusi siku ile.

Kamusi alilikata neno vipande viwili kichwani. "Nadhani ni chombo cha kutazamia sikio, Mama. Lakini sina hakika. Tumuulize muuguzi."

Muuguzi alitikisa kichwa kukubali. "Ndicho hasa. Hakiumi, kina taa tu." Redio akasogea akitaka kuiona taa. Na Kamusi akasikia mkono wa Mama ukishuka begani kwake, ukakaa hapo.

Siku ya kumi na saba tangu Bibi alazwe, daktari alifungua bandeji. Alifanya hivyo taratibu mno. Jicho la Bibi lilikuwa bado na wekundu pembeni. Likapepesa, likatafuta, likasimama usoni kwa Kamusi.

"Umekonda," Bibi akasema.

Mama alijifunika uso kwa kanga. Daktari alieleza kwamba upande wa chini pamebaki kovu, na Bibi ataona kama anatazama kupitia kioo chenye mvuke kidogo. Hilo halitaondoka. Lakini ataona.

Kamusi alipiga magoti kando ya kitanda. "Bibi, nisamehe. Mimi ndiye niliyekupa huo mvuke."

"Nitakuambia jambo," Bibi akasema. "Siku ile nilipokuuliza inasemaje, sauti yako ilinitia shaka. Ningeweza kusema, nenda kaulize kwanza. Sikusema, kwa sababu nami nilipenda kuwa bibi yake Kamusi. Sote nyumba nzima tulikupigia makofi kwa kuandika, hakuna aliyekuuliza kama unaelewa. Kwa hiyo mzigo huu si wako peke yako."

Alimvuta, akamkalisha kitandani.

"Lakini sehemu yako ni yako, na uishike. Kuandika neno si kulijua. Kulijua ni kufahamu linasema nini na limetoka wapi. Na usipolijua, sema hujui. Utaona haya kwa dakika moja, watu watakucheka, kisha mtu mmoja atakuambia, nawe utakuwa umejua. Haya ya kusema uongo haiishi kwa dakika moja. Umeiona mwenyewe ilivyokukondesha." Alimpangusa machozi kwa kidole gumba. "Hukunyamaza mpaka mwisho, mjukuu wangu. Ungenyamaza siku mbili zaidi, leo nisingekuona. Basi. Haya, nisomee hicho kibao cha mlangoni, na kama hukijui, tutauliza."